Kimya cha Lamunu na Lugha ya Amri

Husemwa kwamba Wandegeya ilipata jina lake kwa ndege wafumao viota, ambao Waganda huwaita endegeya; na aliyewahi kukaa chini ya mti wenye viota hivyo anajua kwamba ndege hao hawana simile. Mtaa wenyewe umewarithi. Kati ya magari, soko, wakaangaji wa chapati na mayai, na makundi ya wanafunzi washukao kutoka kilima cha Makerere, hapana mahali pa kukaa kimya. Hapo ndipo tulipokutana Jumamosi tatu mfululizo, walimu na wanafunzi wachache wa Kiswahili, tukasoma hadithi fupi ambayo kiini chake ni msichana asiyesema.

Hadithi hiyo ni "Butterfly Dreams" ya Beatrice Lamwaka, mwandishi Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda. Ilitoka mwaka 2010 katika mkusanyo wenye jina hilohilo, na mwaka 2011 ikawa miongoni mwa hadithi tano zilizofikia hatua ya mwisho ya Tuzo ya Caine. Imeandikwa kwa Kiingereza. Tuliisoma hivyo, kisha tukajaribu kuisimulia upya kwa Kiswahili, na ni katika jaribio hilo ndipo tulipoyaona haya tunayoyaandika.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Lamunu alitekwa na waasi wa Lord's Resistance Army angali mtoto. Jamaa zake husikiliza redioni majina ya waliookolewa, hata siku moja jina lake likatajwa. Walikwisha kukata tamaa. Walikwisha kuizika roho yake kwa mila za kwao. Sasa amerudi, na hasemi. Sehemu kubwa ya hadithi ni watu wa nyumba moja wakiishi kandokando ya kimya hicho, wasijue wakiguse wapi. Wasomaji wa Uganda hawahitaji kuelezwa kwamba mtunzi hakubuni janga lenyewe. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 wasichana 139 walichukuliwa kutoka shule moja tu, ile ya Mtakatifu Maria huko Aboke. Mtawa Rachele Fassera akawafuata watekaji porini, akarudi na 109, na 30 wakabaki mikononi mwao.

Tulilotaka kulichunguza si janga bali fani, kwa kuwa juu ya majanga ya namna hii vimeandikwa vijitabu vingi vya vijana ambavyo, tusifichane, havisomeki mara mbili. Katika vijitabu hivyo mtoto aliyejeruhiwa moyo hunyamaza kurasa arobaini. Ukurasa wa arobaini na moja huja mtu mwema, mara nyingi mwalimu au mshauri, naye mtoto hulia, husimulia yote, hupona. Kimya kimefanywa kufuli, na hadithi nzima ni kutafuta ufunguo. Lamwaka hakufanya hivyo. Hakutuingiza ndani ya Lamunu hata kidogo. Anayesimulia ni mmoja wa jamaa, asemaye "sisi" na kumwambia Lamunu "wewe" tangu mwanzo. Mhusika mkuu, basi, ni msikilizaji wa hadithi yake mwenyewe, naye hajibu.

Hapa ndipo Kiswahili kilipotufunulia jambo. Katika Kiingereza "we" na "you" ni maneno mawili yaliyosimama mbalimbali, kila moja kwa miguu yake. Sisi tulipoanza kusimulia tulijikuta tukisema: tulikungoja, tulikulilia, tunakutazama. Katika kila kitenzi cha namna hiyo Lamunu yumo, lakini kwa silabi moja tu, -ku-, naye amebanwa katikati ya "sisi" na kitendo chetu. Na anapokuwa mtenda, mara nyingi ni kwa kukanusha: hukusema, hukuuliza, hukututazama. (Wanafunzi wataona kwamba -ku- ya hapa si ile ya kwanza, hii ni ya kanusho la wakati uliopita. Sadfa ya sarufi, lakini sikio halitofautishi, na mtu akisikiliza muda mrefu huhisi kana kwamba ni msichana yuleyule aliyefichwa ndani ya vitenzi vyote.) Kwa hiyo Lamunu anapofikia hatimaye kufanya jambo kwa hiari yake, na u- ikasimama mwanzo wa kitenzi bila kanusho, msomaji wa Kiswahili huisikia kwa mshtuko ambao msomaji wa Kiingereza huenda asiupate. Tumezoea kufundisha viambishi hivi kwa majedwali ubaoni. Ukurasa mmoja wa hadithi hii ungefaa kuliko majedwali kumi.

Dosari haikukosekana. Shule inayofungua njia mwishoni inakuja haraka kidogo, na baadhi yetu walihisi kwamba mtunzi alikuwa na huruma kuliko alivyokuwa na subira. Wengine walikataa katakata. Walisema kwamba kurudi shuleni si kupona, ni kurudi shuleni tu, na kwamba mtunzi hakudai zaidi ya hapo. Tunaelekea kuwakubali hawa wa pili.

Kwa kulinganisha tulirudi kwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilizuiwa shuleni nchini Tanzania. Ni riwaya ya ng'ambo tu ya ziwa letu, Ukerewe. Rosa naye ni binti aliyejeruhiwa: baba yake Zakaria anampiga vikali kwa sababu ya barua ya kijana, na hofu aliyompandia ndiyo inayomharibia maisha. Lakini Kezilahabi anajua yote na anayasema yote. Msimulizi wake ana sauti kubwa, Rosa hana. Ni baada ya kufa tu, mbele ya Mungu, ndipo binti na baba yake wanapokabiliana. Twaiheshimu riwaya hiyo. Hata hivyo, kumpa msichana baraza la kujieleza akhera kwa kuwa duniani hakuna aliyemsikiliza ni hukumu kali juu ya nyumba zetu, kali kuliko wahakiki walioilaumu kwa utovu wa adabu walivyotambua.

Lipo jambo zito zaidi, nalo linatuhusu sisi tufundishao Kiswahili katika Uganda. Katika riwaya ya Goretti Kyomuhendo, Waiting, ya mwaka 2007, msichana Alinda anasimulia siku za mwisho za utawala wa Idi Amin, mwaka 1979, katika kijiji cha Hoima. Humo Kiswahili huja pamoja na bunduki; kweli, huja pia na Bahati, askari Mtanzania anayependwa na rafiki yake Alinda, lakini bunduki hazikosekani. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973; mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili; mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Matangazo hayo yote hayajafuta yale ambayo wazee wa Kampala waliyasikia vizuizini: Simama! Kaa chini! Nyamaza! Sema!

Tazameni sasa vitenzi vya somo letu la kwanza. Simama. Kaa. Nyamaza. Sema.

Mmoja wetu alisimulia kwamba miaka ya nyuma alimsimamisha darasani msichana aliyekuwa amehamia kutoka kaskazini, akamwambia, "Sema!" Msichana hakusema. Akarudia kwa sauti zaidi, kama sisi sote tufanyavyo. Msichana akaketi sakafuni, mikono kichwani. Mwenzetu alitusimulia haya Jumamosi ya pili, na kwa muda hatukuendelea na kusoma.

Kwa hiyo tulipofika Jumamosi ya tatu kutunga maswali ya darasani, swali la kwanza lililopendekezwa, "Kwa nini Lamunu hasemi?", lilikataliwa, ingawa ndilo ambalo mtihani wowote ungeliuliza. Ni swali la mtu wa kizuizini. Mahali pake tuliweka hili: "Jamaa zake wanafanya nini wakati yeye hasemi?" Majibu yake yamo katika maandishi, na mwanafunzi aweza kuyatafuta. Ama neno la kuliweka badala ya "sema" katika somo la kwanza, tulibishana hadi wauza chapati walipowasha taa zao. Waliopendekeza "karibu" walikuwa wengi; mwanafunzi mmoja alipendekeza "tunakusikiliza", akaambiwa kwamba kitenzi hicho ni kirefu mno kwa wanaoanza.