Kitufe Chekundu, Kitufe cha Kijani: Uhuru wa Mtazamaji katika Banda la Chekoslovakia

Katika maonyesho ya kimataifa ya Montréal ya mwaka 1967, yaliyotembelewa na watu zaidi ya milioni 50, banda la Chekoslovakia lilikuwa miongoni mwa yaliyopendwa mno. Ndani yake mlikuwa na ukumbi wa viti 127, na kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, chekundu na cha kijani. Filamu iliyoonyeshwa humo, Kinoautomat, iliyobuniwa na Radúz Činčera, husifiwa kuwa ya kwanza duniani kumpa mtazamaji uamuzi juu ya mwendo wa hadithi. Sifa hiyo yafaa ipimwe.

Mhusika mkuu ni Bwana Novák, mkaazi wa jengo la ghorofa. Jirani yake, mwanamke kijana aliyejifunga taulo tu, amefungiwa nje na mlango wake mwenyewe, na mke wa Novák yu karibu kurudi. Amkaribishe ndani au asimkaribishe? Hapo filamu husimama. Mwigizaji Miroslav Horníček, ambaye ndiye Novák, hutokea jukwaani na kuiuliza hadhira. Namba za viti huwaka kandokando ya kiwambo, nyekundu au kijani, na wengi wape.

Mwanafunzi wa isimu atalitazama kwanza swali lenyewe. Swali la "hiki au kile" huwa limekwisha kuamua mengi kabla halijajibiwa: nani atendaye, nini kinajadiliwa, na majibu gani hayamo. Tena njia zote mbili hukutana mbele kidogo. Sababu moja ni ya kiufundi: projekta mbili zilikwenda sambamba, na lau kila uamuzi ungezaa tawi lake, njia panda tano tu zingedai miisho 32. Lakini filamu huanza kwa jengo linaloungua, na huishia kwa jengo hilo kuungua, hata abonyezwe nini. Wako walioiona kuwa dhihaka kwa demokrasia. Ni kweli, ila dhihaka hiyo humfikia tu aliyerudi mara ya pili akakuta wengi wamechagua vingine. Mgeni wa siku moja alitoka akiamini kwamba yeye ndiye aliyeamua.

Msomaji Mkongomani hana budi kuyakumbuka maonyesho ya Bruxelles ya mwaka 1958. Huko kulijengwa "kijiji" cha Wakongomani, na baadhi ya wageni waliwarushia ndizi juu ya uzio. Wao nao walikataa, wakaondoka mwezi wa Julai, kabla maonyesho hayajafungwa. Jibu hilo hakuna aliyekuwa ameliandalia kitufe.

Nyumbani kwake, Kinoautomat haikudumu. Ilionyeshwa Praha mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha wenye mamlaka wakaiondoa, ijapokuwa kila hadhira ilikuwa imeuchagua moto ule ule.