Kona Iliyoinuliwa

Mbeba makaa anaposhuka kwenye barabara ya Likasi, magunia yakiwa yamempita kichwa, kona ndiyo hofu yake. Huacha kukanyaga, huilaza kinga, yaani baiskeli yake, upande wa ndani, halafu hushusha mguu; kandambili inakwaruza lami. Barabara haimsaidii. Kuinama ni kazi yake peke yake.

Fundi wa velodromu, uwanja wa mbio za baiskeli, huiinamisha njia yenyewe. Uwanja wa siku hizi una mzunguko wa mita 250, na kona zake zimeinuka hadi karibu digrii 45. Ukisimama chini yake unaona ukuta. Baiskeli za humo hazina breki. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 22: kwenye digrii 45, anayekwenda kilomita 53 kwa saa hasukumwi nje wala ndani. Anakaa kwenye tandiko kama aliye njia nyoofu. Akizubaa, anateleza.

Njia ya velodromu ya Olimpiki ya London 2012 ilibuniwa na Ron Webb, Mwaustralia aliyekuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Maseremala 26 walipigilia kilomita 56 za mbao nyembamba za msonobari wa Siberia, kwa misumari zaidi ya 300,000. Mbao nayo ina kisirani chake. Manchester, mwaka 2011, Azizulhasni Awang wa Malaysia alianguka, kibanzi cha karibu sentimita 20 kikapenya shavu la mguu mpaka upande wa pili. Akainuka, akamaliza wa tatu. Lakini mimi ningempima fundi pale njia nyoofu inapoanza kupinda, ambapo kila ubao hujisokota kidogo zaidi ya mwenzake na tairi halihisi kitu.

Hapa kwetu Kolwezi sijaona velodromu. Nina jirani, dereva wa greda katika shimo moja la mgodi. Nilipomsimulia haya alicheka, akachukua sahani ya bati, akazungusha kizibo cha chupa ukingoni. Kumbe ndiyo kazi yake: kunyanyua ukingo wa nje wa kona, kidogo tu, kwa jicho na kisu cha greda, ili malori ya mawe yasilale ubavu. Mvua ikinyesha, anaanza upya.

Zamu ikiisha hupanda kinga yake. Kona ya kwanza nje ya geti ni bapa, ina mchanga, naye huishukia kwa miguu.