Jedwali la toki linasema ukweli nusu

Ukiingia gereji utalikuta limebandikwa ukutani, au limehifadhiwa kwenye simu ya fundi: jedwali la toki. Upande mmoja ukubwa wa bolti, upande wa pili namba. M10, 60. Basi.

Mwaka jana ndipo nililisoma kwa makini, siku daladala ya mjomba ilipofunguliwa silinda hedi mara ya pili ndani ya miezi mitatu. Gasketi imeungua tena, maji yamechanganyika na oili, na marejesho ya mkopo yanamsubiri. Fundi aliapa kwamba alifunga kwa namba ya jedwali. Mimi nilimwamini, na ndiyo maana leo nalihakiki jedwali lenyewe, fundi nimwache.

Tuanze na sifa zake. Limepunguza ubishi wa "nimekaza sana" na "nimekaza kiasi". Yale mazuri zaidi yana na mchoro wa mpangilio: unaanza bolti za katikati, unatoka kuelekea pembeni kwa kupishana, tena kwa awamu mbili au tatu. Ukianza pembeni, hedi inaweza kubanwa ikiwa haijalala sawasawa juu ya gasketi. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwenye namba. Ile spana ya toki inayolia "ka!" inapima nguvu ya kuzungusha. Lakini kinachoshikilia hedi ni bolti kuvutika kidogo, kama springi, na kutaka kurudi. Na katika nguvu unayotumia kuzungusha, takriban asilimia 90 huliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye thredi. Inayobaki kuivuta bolti ni kama asilimia 10 tu.

Sasa piga hesabu. Chukua bolti ya M10, kaza kwa nyutonimita 60. Ikiwa kavu, kanuni ya kawaida ya mainjinia inatoa mvuto wa karibu kilonyutoni 30, yaani uzito wa kama tani 3. Paka oili, msuguano ushuke kwa robo, na kwa namba ileile unapata kama tani 4. Thredi zikiwa na kutu na uchafu, unashuka chini ya hizo 3. Spana imelia "ka!" mara zote, na jedwali halijui tofauti.

Tofauti hiyo si ndogo. Silinda ya kipenyo cha milimita 80 yenye mgandamizo wa bar 50 wakati mafuta yanawaka inaisukuma hedi juu kwa takriban tani 2.5, na jambo hilo linajirudia mara nyingi mno kwa dakika. Bolti moja ikilegea kuliko wenzake, gasketi inavujia hapohapo.

Injini nyingi za siku hizi zinakwepa tatizo hili kwa njia nyingine: toki ndogo kwanza, kisha unazungusha kwa pembe, mfano digrii 90, halafu 90 tena. Thredi ikiwa na hatua ya milimita 1.5, robo mzunguko ni milimita 0.375, iwe kavu au ina oili. Ila bolti nyingi za aina hii huvutwa hadi zinaacha kurudi urefu wake wa mwanzo, ndiyo maana watengenezaji huagiza ziwe mpya kila hedi inapofunguliwa. Jedwali la ukutani halitaji pembe, wala halisemi bolti ipi haifai kurudiwa. Za mjomba zilikuwa zilezile za zamani.

Siwezi kuapa kwamba bolti ndizo zilizoua gasketi, maana hedi nayo hupinda gari likichemsha, na haikuwa imepimwa kwa rula. Lakini jedwali lilimpa fundi uhakika ambao halikuwa na haki ya kuutoa.

Kama ningelichapisha upya, ningeongeza safu tatu: kavu au oili, pembe ngapi, mpya au irudiwe. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: SAFISHA THREDI, KAUSHA MATUNDU. Oili au maji yakibaki ndani ya tundu lisilo na njia ya kutokea, bolti inayagandamiza, na bloku inaweza kupasuka.

Safari ya pili mjomba alinunua bolti mpya, hedi ikapimwa na kusawazishwa, na fundi akafuata kitabu cha injini ile. Jedwali bado liko ukutani. Nimeomba ruhusa ya kuandika juu yake kwa kalamu.