Dola 2,075: Jinsi Dhahabu Ilivyovunja Dari Yake

Kwa zaidi ya miaka mitatu, kila aliyefuatilia chati ya dhahabu aliujua mstari mmoja: dola 2,075 kwa wakia. Bei iliukaribia Agosti 2020, wakati wa korona, ikarudi. Iliukaribia tena Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ikarudi. Mei 2023, baada ya benki kadhaa za Marekani kuanguka, ikarudishwa mara ya tatu. Ijumaa, Machi 1, 2024, mstari ulivunjika, na Oktoba 2025 wakia moja ilivuka dola 4,000.

Uvunjaji huo unastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa sababu miezi mitatu tu kabla yake mstari uleule uliwanasa wanunuzi waliokuwa na haraka.

Tuanze na umbo. Tangu Oktoba 2023 chati ilikuwa ikichora pembetatu ya kupanda: juu dari iliyonyooka, chini mabonde yanayoinuka. Bonde la kwanza lilikuwa karibu na dola 1,810, mwanzoni mwa Oktoba. La pili, katikati ya Novemba, lilikuwa karibu na 1,931. La tatu, katikati ya Desemba, 1,973. La nne lilikuja Februari 14, 2024, baada ya mfumuko wa bei wa Marekani kutoka juu kuliko ilivyotarajiwa: 1,984. Habari kama hiyo kwa kawaida huiumiza dhahabu, kwa kuwa huashiria riba kubaki juu. Safari hii bei ilishuka, lakini haikufika hata kwenye bonde lililotangulia. Wauzaji walisimama palepale, huku wanunuzi wakikubali kulipa zaidi kila mara. Hilo ndilo jambo ambalo pembetatu ya kupanda humwonyesha msomaji.

Wanunuzi wakubwa walijulikana. Baada ya Marekani na washirika wake kuzuia akiba ya fedha za kigeni ya Urusi mwaka 2022, benki kuu za dunia zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu mwaka huo, na zaidi ya tani 1,000 tena mwaka 2023. Benki Kuu ya Tanzania nayo imekuwa ikinunua dhahabu inayochimbwa nchini ili kuongeza akiba yake. Mnunuzi wa aina hii haondoki sokoni kwa sababu ya takwimu za mwezi mmoja.

Sasa tuuangalie mtego. Jumatatu, Desemba 4, 2023, soko lilipofunguliwa Asia, ambapo Afrika Mashariki ni usiku wa manane na mauzo huwa machache, bei iliruka hadi karibu dola 2,135. Hiyo ilikuwa rekodi mpya. Aliyenunua kwa sababu tu mstari umevukwa aliona bei ikiporomoka siku hiyohiyo na kufunga karibu na 2,030. Kwenye chati ya siku ulibaki mshumaa wenye utambi mrefu kwa juu. Utambi unaonyesha bei ilifika wapi. Pale siku inapofungia ndipo panapoonyesha soko lilikubali bei gani. Mwishoni mwa Desemba bei ilirudi kwenye mstari wenyewe, na bado wiki ikafunga chini yake.

Machi 1 ilikuwa tofauti kwa jambo moja linalopimika. Takwimu dhaifu za viwanda vya Marekani zilishusha riba za hati fungani, dhahabu ikapanda masoko makubwa yakiwa wazi, na ikafunga karibu na 2,083. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, huko ndiko kulikokuwa kufunga kwa wiki. Mfanyabiashara aliyejiwekea kanuni ya kusubiri wiki ifungwe juu ya 2,075 aliuepuka mtego wa Desemba, na Jumatatu, Machi 4, aliweza kuingia karibu na 2,085.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Bei ya chini ya Ijumaa ile ilikuwa karibu na 2,040, hivyo agizo la kukata hasara lingekaa 2,035. Bei ikirudi huko, umbo limeshindwa na hakuna sababu ya kubaki. Umbali ni dola 50. Kimo cha pembetatu, kutoka 1,810 hadi 2,075, ni dola 265. Ukikiongeza juu ya dari unapata shabaha ya 2,340. Aprili 12 bei ilifika karibu 2,431. Aliyehatarisha dola 50 alikuwa anatafuta 255.

Lakini hesabu muhimu kuliko zote ni ya ukubwa wa biashara. Loti moja ya dhahabu ni wakia 100, na kwa kawaida kiwango kidogo kabisa, loti 0.01, ni wakia moja. Hata kwa kiwango hicho, umbali wa dola 50 ni hasara ya dola 50. Mwenye dola 2,500 anahatarisha asilimia 2 ya mtaji wake. Mwenye dola 200 anahatarisha robo yake, na makosa manne mfululizo yanammaliza. Inaniuma kuona vijana wakiuziwa ishara za kununua na kuuza bila kuelezwa hesabu hii, huku mkopo wa dalali ukiwafanya waamini kwamba mtaji mdogo unatosha.

Kwa mwenye mtaji wa namna hiyo, jibu sahihi siku ile lilikuwa kutoingia, hata kama alilisoma umbo vizuri. Kulivuta agizo la kukata hasara karibu ili biashara itoshee mfukoni ni kuliweka mahali ambapo msukosuko wa kawaida wa siku moja utaligusa. Kwanza chati ikuonyeshe ni bei gani itathibitisha kuwa umekosea, kisha mtaji wako uamue kama unaweza kumudu umbali huo. Usipoumudu, jifunze kwa akaunti ya majaribio na uongeze mtaji kwa kazi nyingine.