Tumbusi Aliyevaa Suti

Dandora, mtaa wa Nairobi uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, haina kasri wala dari ya kuchorwa. Mchoraji wa hapa hupewa ukuta wa mawe, mlango wa duka au ubavu wa matatu. Hata hivyo, kazi yake ni ileile waliyolipiwa wachoraji wa wafalme: kulivika wazo mwili, ili macho yalifahamu kabla ya akili.

Mwaka 1752 na 1753 Giovanni Battista Tiepolo alichora dari ya ngazi kuu ya kasri la Würzburg, Ujerumani. Mabara manne yamepangwa ukingoni, Afrika ikiwa mwanamke wa kifalme juu ya ngamia, na juu ya Ulaya inapaishwa picha ya askofu mtawala aliyemwita kazini. Tiepolo alipaka rangi kwenye chokaa mbichi. Ikikauka, nafasi imekwisha. Nauheshimu sana mkono huo usiosita, ingawa ulilazimika kumsifu mlipaji.

Mapema 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wa grafiti walifanya kazi usiku karibu na City Market, Nairobi. Kulipokucha, wapita njia walimkuta tumbusi aliyevaa suti, ameketi kitini: ndiye mwanasiasa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Wachoraji nao walishindana na muda, kwa kuwa rangi ya kupuliza haisubiri: kopo likikaribia ukuta mstari unakuwa mwembamba, likirudi nyuma unatawanyika, na mkono ukisita rangi inachuruzika. Tumbusi yule, kwangu mimi, amesema mengi kuliko dari nzima ya Würzburg, kwa sababu hakuna mtawala aliyemwagiza.

Lakini rangi ni pesa. Eastlands, eneo ilimo Dandora, mfadhili mkuu ni mwenye matatu. Kanuni za matatu za 2004 zilileta mstari wa manjano na kuzima michoro. Novemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta akairuhusu tena. Serikali iliruhusu tu, hela ilitoka kwa mwenye gari, naye anataka sura za mastaa zitakazomvutia abiria. Ana haki yake, ila istiari hubanwa hapo.

Kwa hiyo wewe mwenye kinyozi, duka la dawa au ukumbi wa kanisa Dandora, una ukuta unaotazama barabara. Mwite mchoraji wa mtaani, mlipe sawasawa, kisha mwachie achague atakachosema.