Kitabu Kinamsemesha Nani? Tathmini ya Vitabu vya Kujifunzia Kiingereza Bila Mwalimu, Butembo na Beni

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo hutujia wanafunzi wakiuliza swali lile lile: ninunue kitabu gani ili nijifunze Kiingereza peke yangu? Swali hili si la anasa katika mji wa Butembo. Wafanyabiashara wake huagiza bidhaa Dubai na Guangzhou, na mizigo mingi huingia kwa njia ya Kasindi. Huko Beni, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili (UCBC), kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Wakati wa maradhi ya Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wageni waliokuja kutusaidia walihitaji wakalimani, na waliokuwa tayari kwa kazi hiyo walikuwa wachache. Tangu nchi yetu ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, haja hiyo imezidi.

Jibu la kawaida ni kutazama bei ya kitabu, upya wake, na kama kina sauti za kusikiliza. Kwa maoni yetu mambo hayo hufuata nyuma. La kwanza ni kujua kitabu kinamsemesha nani; yaani mwandishi alipokuwa akiandika, alimdhania msomaji wake kuwa mtu wa lugha gani.

Tuchukue mfano wa kitabu mashuhuri kuliko vyote mikononi mwa wasomaji wa Kifaransa, L'anglais sans peine cha Alphonse Chérel, kilichotoka mwaka 1929 na kuanzisha mfululizo wa Assimil. Sifa zake ni za kweli. Somo ni fupi, Kiingereza kimewekwa ukabala na Kifaransa, na mwanafunzi haulizwi kanuni kabla hajazoea masikio yake. Afikapo katikati ya kitabu, hurudi somo la kwanza na kutafsiri kinyume, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mpango huo ni wa busara, na mtu mvumilivu anaweza kunufaika nao hata leo.

Lakini maelezo yake yamemkusudia Mfaransa. Mfaransa ana il na elle, kwa hiyo he na she havimsumbui, nacho kitabu hupita mahali hapo upesi. Sisi je? Kiswahili husema anakuja, awe mwanamume au mwanamke. Na Kinande vilevile hakitofautishi. Ndiyo sababu, katika karatasi za mitihani tunazosahihisha, baba mzazi huitwa she katika mstari wa pili baada ya kuitwa he katika wa kwanza, tena kwa kalamu ya mwanafunzi aliyesoma Kifaransa miaka kumi na zaidi. Kosa hilo kitabu hakikulitazamia, basi hakikuliwekea zoezi hata moja la kutosha.

Kinyume chake, kuna mahali ambapo Mfaransa huonywa kwa urefu nasi hatukuwa na haja ya onyo hilo. Yeye husema j'ai vu Paul hier, kisha huteleza na kusema I have seen Paul yesterday. Hivyo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili yake hurudia jambo hili sura baada ya sura. Msemaji wa Kiswahili analo jibu kinywani mwake: nimemwona Paulo, lakini nilimwona Paulo jana. Hata pale ambapo usemi wetu wa Kivu hupenda -sha- kuliko -me-, tofauti ingalipo. Mstari mmoja ungetosha. Badala yake, mwanafunzi wetu husomeshwa kwanza shida ya Mfaransa, huijifunza vizuri, kisha huanza kuiponya. Ulinganifu huo si kamili, tunakubali: amelala si he has slept bali he is asleep, na amevaa koti ni he is wearing. Hapo ndipo maonyo yangepaswa kuwekwa, wala hatujayaona katika kitabu chochote cha Kifaransa.

Jambo la irabu linashangaza zaidi. Mfaransa ana i moja, ndiyo maana ship na sheep humtesa. Mnande anazo mbili. Lugha yake ina irabu saba za msingi, na kitenzi cha kulima shamba hutofautiana na kingine, chenye maana ya kuangamiza, kwa irabu hiyo tu. Mtu ambaye mama yake alimfundisha tofauti hiyo kabla hajajua kusoma huambiwa na kitabu kwamba ni sauti ngumu, ngeni, isiyo na mfano!

(Tukumbuke pia kwamba mfanyabiashara avukaye Kasindi kuingia Mpondwe huzungumza na Wakonzo kwa lugha iliyo karibu kabisa na Kinande chake. Kiingereza humkuta mbele ya karatasi za forodha, na baadaye Kampala. Mazungumzo ya hotelini na ya mkahawani, ambayo vitabu hivi huyapenda mno, si haja yake ya kwanza.)

English Grammar in Use cha Raymond Murphy, cha mwaka 1985, hakimdhanii msomaji kuwa wa taifa lolote: maelezo upande wa kushoto, mazoezi upande wa kulia, yote kwa Kiingereza. Ni kitabu bora kwa aliyekwisha kupiga hatua. Anayeanza hawezi kuyasoma maelezo yenyewe. Isitoshe, nakala za fotokopi tulizoziona mara nyingi zimekosa kurasa za majibu, na kujifunza peke yako bila majibu ni kukariri makosa yako. Masomo ya simu, kama ya Duolingo yaliyoanza mwaka 2012, husahihisha papo hapo. Lakini anayeyafuata kwa Kifaransa hurudi katika kasoro ile ile ya Assimil, na umeme na intaneti vina gharama yake.

Tunashauri jambo ambalo wenzetu wameliona la kichekesho: kukisoma kinyumenyume Teach Yourself Swahili cha D. V. Perrott, cha mwaka 1951. Kiliandikwa ili Mwingereza ajifunze Kiswahili, kwa hiyo kila ukurasa humweleza mahali ambapo lugha hizo mbili zinaachana, na mahali hapo ndipo penye shida yetu. Mwanafunzi husoma sentensi ya Kiswahili, huandika Kiingereza chake, kisha hulinganisha. Kiswahili chake ni cha pwani. Asemaye batu na bintu atakutana na watu na vitu, na hilo kwetu si hasara. Hata hivyo kitabu hicho hakimfundishi matamshi ya Kiingereza, wala sentensi zake hazikutungwa kwa mtu wa soko la Butembo.

Kitabu cha kumsemesha huyo, kwa Kiswahili, bado hatujakiona. Sisi tumepiga chapa kurasa kumi na mbili tu, juu ya he na she na juu ya -me- na -li-. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanazinakili kwa mkono, nao wamekwisha kutusahihisha mahali pawili.