Mama Hakulia: Visa vya Umama Mbele ya Hadhira

Miaka michache iliyopita nilisimama mbele ya watu kama sitini hivi, Dar es Salaam, nikasimulia kisa cha mama yangu. Ilikuwa moja ya zile jioni za visa zinazofanyika siku hizi kwenye kumbi ndogo na migahawa. Unapewa dakika kumi, maiki moja, taa moja, na sharti kwamba kisa kiwe cha kweli na kiwe chako. Mada ya usiku ule ilikuwa "Mama". Nilipigiwa makofi sana. Dada mmoja alinifuata mpaka nje akanikumbatia huku analia. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa, kusema kweli.

Kisa kile nilikiharibu. Nimekuja kujua baadaye, na nikijaribu kueleza nilikiharibu wapi, naona kosa si langu peke yangu. Aina nzima ya usimulizi ule ina kasoro ambayo hatuizungumzii.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama ni mtu wa Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Kabla sijazaliwa alikuwa na mtoto wa kiume. Jina lake silitaji, maana ndilo jina ambalo mama anaitwa mpaka leo. Kule kijijini yeye ni mama wa huyo, si mama yangu mimi. Masika moja mtoto aliugua. Mama akampeleka hospitali, akapewa dawa, akapanda lori lililobeba magunia kurudi nyumbani. Njiani mtoto akafariki ndani ya mbeleko. Mama alijua. Lakini jua lilikuwa linazama, na aliogopa dereva akigundua atamshusha porini. Basi akamfunika vizuri kwa kanga. Aliyemuuliza mtoto vipi, alimjibu, "Amelala." Ikawa hivyo hadi nyumbani.

Pale ukumbini nilimaliza kwa kusema: "Mama yangu alilia njia nzima, kimya kimya." Nilishusha sauti kwenye hayo maneno mawili ya mwisho. Ndipo ukumbi ulipoyeyuka.

Mtu alikuwa amerekodi. Video ikazunguka WhatsApp, ikafika kwa mdogo wangu, naye akamwonyesha mama. Nilipokwenda likizo, baada ya shikamoo na habari za safari, mama akaniambia, "Umesimulia vizuri, mwanangu. Ila mimi sikulia. Ningelia, si wangejua?"

Sikuwa na jibu. Chozi lile nililiongeza mimi, na sikudhani nimedanganya. Nilidhani nimemsaidia mama aeleweke. Kumbe kisa chote kimesimama hapo, kwamba hakulia. Ukimtia machozi, umemwondoa yule mwanamke na kuweka mama yeyote wa sinema.

Kwa nini nililiongeza? Kwa sababu ukumbi ulikuwa unalisubiri.

Jioni hizi zina asili yake. The Moth, lililoanzishwa na George Dawes Green huko New York mwaka 1997, ndilo lililoeneza duniani mtindo wa mtu kusimama bila karatasi na kusimulia jambo la kweli lililompata. Mwaka 2010, Madison, Wisconsin, Ann Imig alianzisha Listen to Your Mother, onyesho lililofanyika msimu wa Siku ya Mama, ambapo watu wa kawaida walipanda jukwaani kusoma walichoandika kuhusu umama. Lilienea miji mingi ya Marekani. Sidharau hata kidogo kazi hiyo. Mwanamke kusema hadharani kwamba mtoto alimchosha, kwamba alimwogopa, kwamba mimba ilitoka naye akarudi kazini kesho yake, hilo ni jambo kubwa, huko kwao na hapa kwetu pia. Nimesikia wanawake Dar es Salaam wakisema vitu ambavyo wasingevisema msibani wala harusini.

Kasoro naiona kwenye hadhira. Ukumbini wanakaa watu wasiomjua mama yako. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye lile lori. Kwa hiyo hakuna wa kukukatiza, na msimulizi asiyeweza kukatizwa taratibu anaanza kusimulia kile kinachopendwa. Sisi tuliokulia kwenye ngano tunajua msimulizi haanzi hivi hivi. Husema "Paukwa", akangoja "Pakawa". Ukikaa kimya, hakuna hadithi. Pale mjini nilipewa maiki, nikaanza tu.

Halafu kuna hili sharti la kisa "chako". Unyago una namna nyingine kabisa ya kuzungumzia umama, na ya ndani siyasemi, hayana nafasi hapa. Nasema linalojulikana na wote. Kule kusini na pwani, mafundisho mengi ya uke na uzazi hupita kwenye wimbo na ngoma, na wimbo si wa mtu mmoja. Kungwi hatakiwi kuanika ya chumbani kwake ndipo aaminike. Mfano ninaoupenda ni Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 17, 2013. Alifahamika kwa taarab, lakini vilevile alikuwa mwalimu mkubwa wa unyago, akiwafunda wari kwa ngoma. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto, na bado wanawake walikaa chini kumsikiliza. Kwenye jioni zetu za visa, Bi Kidude angeambiwa achague mada nyingine.

Aliyejaribu kuziunganisha njia hizi mbili kwa maandishi ni Penina Muhando, ambaye wengi wanamjua kama Profesa Penina Mlama, katika tamthilia yake *Nguzo Mama* ya mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama. Wanaitwa kwa namba, Bi Moja, Bi Pili, mpaka Bi Nane, na kila mmoja ana mzigo wake unaomvuta pembeni. Katikati yupo Bi Msimulizi, anayetusimulia.

Nilipoisoma shuleni, namba zile ziliniudhi. Niliona mwandishi amewanyima wanawake majina, kawafanya mifano ya darasani. Bado naamini kuna gharama. Namba haiwezi kubeba kanga iliyofunikwa vizuri na neno "Amelala". Vitu vidogo vya namna hiyo ndivyo vinavyotufanya tumwamini mtu, na *Nguzo Mama* inavyo vichache kuliko ambavyo ningependa.

Baada ya lile la mama niliisoma upya, nikaona namba zinafanya kazi ambayo mimi nilishindwa kuifanya. Bi Nane anaweza kuwa mtu wa kijiji chochote, kwa hiyo mtazamaji yeyote anaweza kusema "huyo namjua", na hakuna mama wa mtu aliyeanikwa. Kisha kuna mwisho. Nguzo haisimami. Muhando hakutupa kilio cha kututakasa halafu twende tukanywe soda. Unatoka na nguzo bado iko chini, na swali ni nani ataiinua.

Hilo la swali halikubaki kitabuni. Mwaka 1996 Mlama na Amandina Lihamba, wakiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha Tuseme, mradi wa wasichana wa sekondari kuigiza matatizo yao wenyewe, mimba na manyanyaso yakiwemo, kisha yajadiliwe. Angalia hadhira: ni shule ileile. Miongoni mwa wanaotazama wamo wanaohusika. Huwezi kuongeza chozi la uongo mbele ya mwalimu aliyekuwepo, na yeye naye hawezi kupiga makofi tu akaondoka. Wasichana waliopata mimba walikuja kuruhusiwa rasmi kurudi kwenye shule za serikali Novemba 2021. Siwezi kusema ni maigizo yaliyoleta hilo. Ninachosema ni kwamba kuna visa vinavyostahili kupelekwa kwa wenye kuwajibika navyo kabla ya kupelekwa kwa wenye tiketi.

Sasa nimalizie na Nambilanje. Likizo ileile, jioni moja tulikuwa barazani tunabangua korosho, wanawake sita au saba. Mdogo wangu, kwa utundu wake, akaicheza tena ile video. Mama akasema, "Ngojeni niwaambie ilivyokuwa." Akasimulia. Hakupandisha sauti wala hakushusha, mikono inaendelea na korosho. Alipofika kwenye "Amelala", bibi mmoja jirani akamkatiza.

"Mdogo wangu, mimi nilikuwemo."

Mama akanyamaza.

"Nilijua tangu tulipovuka mto. Niliuona mguu wa mtoto unavyoning'inia. Ndiyo maana nikaanzisha ule wimbo, watu wasikuangalie."

Mama alichelewa kujibu. Kisha akasema, "Na mimi miaka yote nimekuchukia kwa ule wimbo. Nilisema, huyu anaimba, na mimi nimebeba maiti."

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi akasogeza kigoda karibu na cha mama, wakaendelea kubangua. Baadaye kidogo niliwasikia wanabishana ule wimbo ulikuwa upi.

Nusu ile ya kisa nisingeipata Dar es Salaam hata ningepewa saa nzima. Mama mwenyewe hakuwa nayo. Ilikuwa imekaa kwa jirani miaka yote, ikingoja kisa kisimuliwe mahali ambapo mtu anaweza kusema "nilikuwemo".

Sisemi jioni za visa zifungwe. Nasema waandaaji waache muda wa watu kujibu, na sisi wasimulizi tuanze kwa mtu mmoja aliyekuwepo kabla ya watu sitini ambao hawakuwepo. Na kama kisa ni cha mama yako, mpigie simu kwanza. Nimealikwa tena mwaka huu. Nimemwomba mama ruhusa, naye amenipa, kwa sharti kwamba nisimlize.